Kifauongo

Kati ya programu mbili za kutengenezea lebo na kuhifadhi kumbukumbu, ya kwanza ilikuwa nyepesi, na Bwana Shelukindo alishaipenda. Bi Chausiku, mwenzake wa miaka mingi katika chumba cha mimea iliyokaushwa, alitaka waijaribu kwa lebo moja ya kweli. Akachukua kifauongo, ule mmea unaokunja majani ukiguswa.

Kwenye nafasi ya mchumaji, programu ilikubali jina moja tu.

"Andika lako," alisema Bi Chausiku. "Mimi nilikushikia mkoba tu."

"Na miiba ilimchoma nani?"

Bi Chausiku alitazama kidole chake.

Bwana Shelukindo akaifunga ile, akafungua ya pili. Ilijikokota hadi chai yao ikapoa. Hatimaye ikauliza: Mchumaji? Akaandika jina lake. Ikauliza tena: Pamoja na nani? Akaandika "Chausiku", bila ile "Bi" ya miaka yote.

"Tuchukue hii," alisema, macho kwenye kompyuta.

Lebo ilitoka kwenye printa ingali na joto. Bi Chausiku aliilaza kando ya kifauongo, ambacho majani yake yalikuwa bado yamejikunja, utadhani kuna mtu aliyekigusa sasa hivi.