Ukurasa wa Masanja

Bi Nyamizi aliishitaki serikali kwa kifo cha mumewe, Masanja, fundi wa mitambo aliyesemekana kufa kwa ajali kazini, katika kambi ya jeshi. Wakili wa serikali akasimama, akasema jalada la ajali ile ni siri ya taifa, halifunguliwi mahakamani.

"Siri hiyo nitaisoma mwenyewe kwanza," alisema Jaji Lwoga, akaingia nalo ofisini kwake.

Aliporudi hakumtazama mtu. Aliamuru mjane apewe ukurasa mmoja tu. Nao ulikuwa umefutwa kwa wino mweusi, ukabaki mstari mmoja: *Ijumaa, tarehe 14. Masanja ameomba maji ya kunywa.*

Bi Nyamizi aliusoma mara tatu. Jeneza waliletewa tarehe 12, limepigwa misumari, wakazika siku ile ile bila kulifungua.

"Mheshimiwa, mtu tuliyemzika Jumatano anaombaje maji Ijumaa?"

"Ndiyo maana nimekupa ukurasa huo, mama."

Wakili alikuwa ameinamisha kichwa. Polepole, Bi Nyamizi akapeleka mkono kwenye fundo la kitambaa cheusi cha ujane, akaanza kulifungua, kisha akasita. Mkono ukabaki pale pale kichwani.