Viatu Barazani

Katika kasri la mfalme, watu huingia peku. Viatu huachwa barazani vikitazama mlango. Waziri anayeachishwa kazi haambiwi neno. Hukuta vyake vimegeuzwa kuelekea lango.

Asubuhi ile mfalme alimmiminia Waziri Nyamwiza chai kwa mkono wake mwenyewe. Hilo ndilo lililomtia shaka. Alipotoka, viatu vyake vilikuwa vinatazama lango.

"Nani amevigusa?"

"Mimi, mheshimiwa. Nilikuwa nafagia," mtumishi akajibu bila kumtazama.

Nyamwiza akaangalia sakafu. Vumbi lilikuwa limetanda baraza zima.

Akainama, akavigeuza tena vitazame mlango, kisha akaketi kando ya viatu hivyo, peku. Ndani, mawaziri wenzake walikuwa wakicheka. Mara mmoja akachungulia mlangoni, akamwona, wakanyamaza wote.