Makubadhi Mlangoni

Nilikuwa nimeshavua ndala moja mlangoni pa kikundi cha wanaoacha pombe, hapa Makorora, nilipoyaona makubadhi ya aliyekuwa baba mkwe wangu. La kushoto lilishonwa kwa uzi wa bluu wa nyavu. Nililishona mwenyewe, enzi zile nikiwa bado mkwewe.

Mwaka jana alisimama mbele ya msikiti mzima akasema, "Binti yangu hakai na mlevi." Nikaandika talaka.

Ndani, sauti ile ile ikasema, "Naitwa Sabiri. Nakunywa tangu ujanani, na nyumbani hawajui."

Miguu ilitaka kurudi nyumbani, Ngamiani. Nikavua ndala ya pili, nikaingia, nikakaa mbele yake.

"Shikamoo, baba."

Chumba kizima kikasubiri aitikie.