Hori la Wastani

Hivi, umewahi kuona sisi wenye digrii tukipewa kazi hatimaye? Basi mtazame Korongo.

Shule ya mbuni iliunganishwa na shule ya kuku. Mkuu mpya, Tai, akamwita Korongo, graduate aliyesota mtaani hadi manyoya yakapauka, apange upya huduma ya chakula. Korongo akavunja mahori yote mawili ya uji, la juu la mbuni na la chini la kuku. Akapima kimo cha mbuni, akapima cha vifaranga, akatafuta wastani, kisha akatundika hori moja hapo katikati.

Saa ya uji mbuni walipiga magoti. Vifaranga waliruka, wakaanguka, wakalia.

“Bwana msomi, watoto wana njaa!” alisema Mama Kuku.

“Relax, mama. The average learner amehudumiwa.”

“Huyo average ni mtoto wa nani? Nionyeshe!”

Korongo akatazama huku na huku. Aliyelifikia hori bila taabu alikuwa mmoja tu: yeye mwenyewe, na uji ulikuwa ukimchuruzika mdomoni. Digrii nzima, jamani, imeshibisha tumbo moja!

Mama Kuku akamgeukia Tai, aliyekuwa ametua juu ya paa. “Mkuu, uliidhinisha mpango huu bila hata kuinama utazame. Rudisha hori letu la chini sasa hivi, uji ungali moto!”