Kwa Nini Nachezea Wafinyanzi

Siku hizi kundi unalolichezea katika mchezo wa vita vya miji ndiko unakolala: ukifumba macho tu, ndoto inakupeleka mjini kwao. Mume wangu, Baba Chiku, anaongoza Wahunzi, washindi wa misimu saba. Mimi nachezea Wafinyanzi, ambao mishale yao hata ukuta haiupati.

"Mama Chiku, utashindwa mpaka lini?" hunitania, macho yamemwiva kwa uchovu.

"Nimeshindwa na mengi nikiwa macho, bwana. Kushindwa usingizini ni mapumziko."

Mji wetu hauna ngome. Kuna mtungi kila mlangoni, na mgeni hanyimwi maji. Huko magoti yangu hayaumi. Kwa Wahunzi hakuna anayelala. Hata ndotoni wanashika zamu.

Jana kwenye chai alisema, "Kesho tunawachoma." Mji ukichomwa, wachezaji wake hawaoti ndoto tena maisha yao yote. Nilimwongeza chai.

Nilipolala, mtu alikohoa mlangoni pangu. Alikuwa yeye, hana silaha, ametoka kwao kwa miguu, anaomba pa kujilaza. Nikamtekea maji, nikamtandikia mkeka. Akasinzia papo hapo.

Kule alikotokea, vumbi la jeshi lake lilikuwa linakuja taratibu, likifuata nyayo zake.