Wageni Walioaga

Kitendawili, mjukuu wangu: wageni wameaga wote, nyumba bado imejaa. Umeshindwa? Ni makarani wa ofisi ya maji. Hufunga skrini na kwenda zao bila kujitoa kwenye kompyuta kuu, nayo hubaki imebeba kazi zao mpaka kumbukumbu yake inajaa na kila kitu kinakwama.

Nasra, fundi wao wa kompyuta, alikuwa hoi kwa kuwatoa mmoja mmoja. Akabaki Mwatime, karani aliyezikwa mwezi uliopita. Mchezo wake wa karata ulikuwa ungali wazi, umeishia katikati.

“Bi Chausiku, nimtoe shoga yako?” Nasra alimuuliza karani mwenzake marehemu.



“Mtoe bwana, hata marehemu atubane?” karani mmoja alinung'unika.

Chausiku akavuta kiti, akashika kipanya, akasogeza karata moja.

“Ngoja kwanza ashinde,” alisema. “Kisha umtoe.”