Lori Lenye Benchi

Sheria ilijulikana hata na watoto: mti wa nyumba ukifa, wenye nyumba huhamishwa siku hiyohiyo kwenda ng'ambo ya milima, gogo na vyombo katika gari moja. Kwa hiyo Sikudhani, fundi wa kukata miti pale Morogoro, alipokwenda kununua lori la kazi, hakuuliza uzito wa magogo peke yake. Aliuliza pia nafasi ya vitanda.

Muuzaji, Bwana Chuwa, alimwonyesha mawili. Moja dogo, la kupita vichochoroni bila taabu. La pili refu, lenye winchi ya kuvutia magogo na benchi sita nyuma ya dereva.

"Mume wangu kaniambia nichukue dogo," alisema Sikudhani. "Kazi yetu hasa ni kupogoa matawi."

"Ilikuwa, dada. Tangu Januari madogo yamelala hapa. Wenzako wote wanachukua yenye benchi."

"Kwa nini?"

"Nyie ndio mnaopanda juu ya miti. Mimi nikuambie nini?"

Alichukua refu. Njia nzima alitunga maneno ya kujitetea kwa mumewe. Alipofika nyumbani alimkuta Mbaruku amechuchumaa chini ya mwarobaini, mti wa nyumba yao, kisu mkononi. Alikuwa amebandua gome kidogo, na ndani ulikuwa unamwagika unga wa wadudu.

Mbaruku hakugeuka. "Umechukua lipi?"

"Refu."

"Afadhali," alisema polepole. "Cherehani ya mama isingeenea kwenye lile dogo."